Binzari Kiasi Gani

Mie hasira zangu ziko puani, Buguruni nzima wanajua. Kwa hiyo siku nilipomkuta binti yangu Manal kajikunyata nyuma ya magunia ya viungo dukani kwangu, machozi yanadondokea karatasi, nilianza kwa kufoka.

"Unalilia insha? Si uandike!"

"Nimeandika, mama. Kurasa sita. Naona zitarudi tu kama zile za kwanza."

Insha yake ya kwanza pale chuo cha ualimu ilirudi na wino mwekundu: *Hujajibu swali.* Hii ya pili nayo ikirudi hivyo, mtihani hafanyi, mwaka anaurudia. Na kwenye ukoo wetu wote wa wauza duka, aliyefika chuo ni yeye peke yake.

"Hebu nisomee hilo swali."

"Kwa kiasi gani methali za Kiswahili zinamthamini mwanamke? Jadili."

"Na we umeandika nini?"

Akanisomea. Lo! Methali ni nini, zilianzia wapi, aina zake, faida zake. Mie niliishia darasa la saba, lakini kidogo nimrushie upawa.

Palepale akaingia Mwinjuma, mpishi wa pilau za shughuli. "Bi Bahiya, nina mchele kilo ishirini. Binzari nyembamba kiasi gani?"

"Robo kilo." Nikampimia, akaenda zake.

Nikamgeukia Manal. "Umesikia? Kaniuliza kiasi gani. Mie nimemhadithia binzari inalimwa wapi?"

Akatikisa kichwa.

"Haya, sasa mteja ni mie. Hizo methali zinamthamini mwanamke kiasi gani? Zote? Nusu? Au hata chembe hakuna?"

Aliikodolea macho mizani. "Akiwa mama, zinambeba. Akiwa mke, zinamponda." Akafuta machozi. "Nusu, mama. Nusu tu!"

"Ndilo jibu hilo. Sasa ziite methali zako, moja moja, zije kutoa ushahidi."

Zile kurasa sita akanipa nifungie pilipili manga. Akaanza upya.

Wiki mbili baadaye alikuja mbio, baibui linampepea. Thelathini na tatu kati ya arobaini! Na pembeni mwalimu kaandika: *Umejibu swali.* Wallahi nililia, mie Bahiya, mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Tangu hapo hakuna anayeingia dukani asiisikie habari hiyo. Juzi Mwinjuma kaja kuulizia iliki. Nikaanza: chuo, insha, kurasa sita, wino mwekundu. Akanisikiliza weee, mpaka akatafuta gunia la kukalia.

"Hongera, Bi Bahiya," akasema mwishowe. "Sasa iliki niweke kiasi gani?"

Nyuma ya magunia Manal akaangua kicheko. "Mama, hujajibu swali!"

Angekuwa mwingine, angenitambua. Lakini huyo ni mwalimu, na nimemzaa mie. Acha anisahihishe.