Nyumba ya Mama Iko Mkono Gani

Kosa lilikuwa la Phares Odero mwenyewe, na alilikubali kabla treni haijafika Nakuru. Karani wa reli miaka kumi na tisa, diploma imetundikwa ukutani nyumbani kwake Shauri Moyo, na bado alikuwa amegeuza boma la watu kulia kushoto.

Ilienda hivi. Kamati moja ya kanisa huko ziwani iliamua kulijenga tena boma la kale kisiwani, palepale watu walipohama zamani wakikimbia ugonjwa wa malale. Aliyebaki akilikumbuka ni mtu mmoja tu, Aoko, shangazi yake Odero, yaani Waya kwa Kijaluo. Mama yake Aoko alifia humo, na siku hiyohiyo Aoko, bado mtoto, akatolewa kwa mtumbwi. Sasa alikuwa mzee, anakaa na Odero mjini, macho yanamwisha, na alitaka kitu kimoja: kuingia nyumba ya mama yake mara moja kabla giza halijafunga. Basi jioni tatu akasimulia, Odero akachora kwa rula, akatuma. Wakajenga mwaka mzima. Mwaka wa themanini na tatu Odero na shangazi wakaitwa waje waone.

Ndani ya treni Waya akanyoosha mkono. "Mke mkubwa amesimama mlangoni kwake, anaangalia lango. Sisi tuko mkono wake wa kulia."

Odero akaweka kikombe cha chai chini. Yeye alikuwa amechora kama mtu aliye langoni, anaangalia ndani, na kulia kwa huyo ni kushoto kwa mke mkubwa.

"Kumbe umempeleka mama yake kwa mke mwenza?" Kilonzo akauliza chini chini. Kilonzo, mchongaji, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyechonga viti vya hilo boma. "Na vile kwenu hata kaburi lina upande wake. Hii ni kesi, bwana."

"Nyamaza. Nitamwambia tukifika."

"Mwambie tukiwa majini, akutupe karibu."

Asubuhi wakapanda mashua ya tanga. Kilonzo, mtu wa Machakos, ambaye maji mengi aliyozoea ni ya mtungi, alishika mlingoti kama amepewa autunze. Tanga likajaa upepo, kelele za ufuoni zikabaki nyuma. Kisiwa kilipanda polepole kutoka majini: ukuta wa mawe yaliyopangwa bila simiti, mrefu kupita mtu, na juu yake paa za nyasi, moja, mbili, tano, rangi ya simba. Odero alikuwa amezichora kwa penseli hizo paa, kila moja kama shilingi. Akajikuta amevua kofia.

"Ni wewe ulifanya hivi?" Kilonzo akanong'ona.

"Si mimi. Ni yeye."

Langoni Waya alisimama, akayapapasa mawe kwa viganja viwili. Kisha akaingia, akapita zizi la ng'ombe, akapanda hadi nyumba ya mke mkubwa. Akaupa mlango mgongo, akaangalia alikotoka, akainua mkono wa kulia, akaufuata.

"Waya, ngoja," Odero akasema. "Ya mama yako iko upande ule mwingine. Nilikosea mchoro."

"Na hii?"

"Kibao cha mlangoni kinasema ni ya mke wa tatu."

"Yule alikuwa anatunyima chumvi?"

"Huyo."

Waya akacheka mpaka akamshika Kilonzo bega asianguke. "Ulisoma miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Na walimu wako hawakufika kwa mkono wa kulia."

Kilonzo akageuka kuliangalia ziwa kwa makini sana.

"Nitawaambia wabomoe waanze upya," Odero akasema.

"Wabomoe nini? Nyasi ni nyasi. Kilichopotea ni kibao." Akavua viatu, akampa Odero. "Mama nilimwacha hapa."

Akainama, akaingia. Ndani kulikuwa na giza, linanuka udongo mpya. Odero alibaki kizingitini, viatu mkononi. Aliuona mkono wa shangazi yake ukitembea juu ya ukuta, ukashuka kwenye mafiga, ukafika kwenye ngozi iliyotandikwa chini. Waya akapiga magoti. Akasema Kijaluo, kwa sauti ambayo Odero hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto:

"Mama, sogea kidogo. Nipe nafasi nilale."