Moyo Uliobisha Hodi

Fundi alikuwa akikausha vidole vya miguu ya marehemu, kimoja baada ya kingine, kwani lebo haikai vizuri kwenye unyevu, moyo wa marehemu ulipoanza kubisha. Ulibisha mara mbili, ukanyamaza, kisha mara moja upesi, kama mgeni asiye na hakika na mlango. Fundi alimaliza kidole cha mwisho, akafunga lebo: miaka kumi na tisa, ameanguka uwanjani akicheza mpira, hana jeraha.

Walimwita Fundi kwa ajili ya mshono wake wa maiti zilizopasuliwa. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kutazama, miaka ishirini na miwili katika mochwari ile.

Karani alichungulia, fomu mkononi. Penye sababu ya kifo palikwisha kuchapwa: *moyo kusimama*. Alichapa hamsini za namna hiyo kila Jumatatu, ili wiki isimlemee.

"Huyu anabisha," alisema Fundi.

"Mwambie saa tisa nafunga."

Mama wa kijana aliingia na kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na miwili aliyekumbatia viatu vya mpira vya kaka yake. Mama alisikiliza kidogo, akaketi.

"Kaka yao mkubwa naye alibisha hivi hivi. Tukamzika akibisha. Mkaniandikia moyo kusimama."

"Nakumbuka, mama. Lebo nilimfunga mimi."

"Sasa baba, ni nani aliyewahi kufa moyo wake usisimame?"

Moyo wa kijana ulinyamaza, kama anayengoja kuitikiwa, na ukaitikiwa. Chini ya blauzi ya binti palibisha mara mbili, pakanyamaza, kisha mara moja upesi. Binti alijikuna kifuani, akahamishia viatu mkono wa pili.

"Mpasueni," alisema mama. "Niujue huo ugonjwa kabla haujanimalizia watoto."

Fundi alimpigia daktari simu.

"Ana jeraha?" daktari aliuliza.

"Hana. Ila moyo haujasimama, daktari. Unabisha."

"Utasimama tu. Mimi napasua kesi. Asiye na jeraha si kesi. Gonga mhuri."

Mama alikuwa amesikia yote. "Nikimkata mwenyewe, itakuwa kesi?"

"Itakuwa kesi yako, mama," alisema Fundi.

"Lakini wewe kisu unacho."

"Ninacho. Sina sahihi. Nikimpasua mimi, nitakachokiona kitahesabiwa hakijaonekana."

Binti alimvuta mama yake kanga. "Mama, kesho nina mbio shuleni. Mita mia nane."

"Hukimbii."

"Mwalimu atataka barua."

"Ataipata."

"Itasema naumwa nini?"

Mama alimtazama Fundi. Fundi aliitazama fomu.

Alisema mhuri umekauka wino, warudi kesho. Mhuri ulikuwa umelowa. Walipotoka alimsukuma kijana ndani ya droo, akaandika ubaoni: *Droo ya sita, bado*. Kisha akanoa kisu, akakilaza juu ya kitambaa safi, ingawa alijua kesho daktari angekuja na kalamu tu.

Saa tisa karani alifunga, akawainua mama na binti waliokuwa wameketi ngazini. Ndani ya droo kijana aliendelea kubisha, na kutoka kwenye ngazi za nje aliitikiwa, kila hatua kwa sauti ndogo zaidi.