Tumbo la Pamba

Asubuhi ya Jumamosi ya kanivali, Aderbal alisimama katikati ya chumba na bukta tu, mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi, huku mkewe Iracilda akimfunga mto wa pamba tumboni.

"Vuta pumzi," mke akasema.

"Nimevuta."

"Basi itoe, maana sioni tofauti. Miaka yote nimekufunga mkanda juu ya tumbo. Leo nakufunga tumbo lenyewe."

Aderbal hakucheka. Zamani angecheka hadi kitanda kitikisike. Sasa alitazama ukutani mpaka fundo la mwisho lilipokazwa, akavaa joho jekundu, akajipapasa mbele na kando kuona kama mto umekaa sawa.

Katika mji ule wa mashamba ya miwa, huko Pernambuco, Brazili, mfalme wa kanivali lazima awe mnene. Wanamwita Momo. Sheria yenyewe haijaandikwa popote, lakini jaribu kumweka mfalme mwembamba uone kama matarumbeta yatalia. Kabla hajaongoza maandamano, watu humgusa tumbo wapate bahati: wenye mimba, wacheza kamari, wanafunzi waliofeli hesabu. Baba yake Aderbal aliguswa hivyo hivyo mpaka siku alipoanguka mezani na kufa, akiwa na miaka hamsini na tatu. Aderbal alirithi tanuri la mikate, taji, na kile kitambi. Mwaka huu alikuwa na miaka hamsini na moja.

Mambo yalianza Agosti iliyopita. Marinalva, mhudumu wa afya wa mtaa, aliingia baa mchana wanaume wakiwa wamejaa, mkononi ana bonge la uzi. Hakuwa na mzani wala mashine. Alisema anamkata kila mtu uzi mmoja, urefu wake kutoka kisigino hadi utosini, kisha anaukunja katikati na kuuzungusha kiunoni, usawa wa kitovu.

"Ncha zikikutana, nakupongeza na kuondoka," alisema. "Zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako. Mafuta yamejikusanya ndani, kwenye ini na matumbo. Hapo njoo kituoni tupime sukari na presha, kabla moyo haujakuita wenyewe."

"Kwa hiyo uzi wako unajua tutakufa lini?" Aderbal aliuliza kwa sauti ya jukwaani.

"Haujui, Bwana Aderbal. Unajua tu nani aangaliwe mapema."

Watu walikuwa wanamtazama mfalme wao. Aderbal akachukua uzi ule, akainama na kumzungushia mbwa wa baa aliyelala mlangoni.

"Dada, zimekutana! Huyu ataishi milele. Sisi tupe bia."

Baa ililipuka kwa kicheko. Marinalva alimfungua mbwa taratibu, akaukunja uzi wake. Kabla hajatoka alimgeukia Erivan, fundi seremala, rafiki wa Aderbal tangu utotoni na baba wa ubatizo wa binti wa mfalme huyo; wenyewe waliitana kumpadre.

"Wewe je, kaka Erivan?"

"Mimi? Tazama mikono hii, kama fito! Mzani unaniambia niko sawa kila mwaka."

"Mzani hauulizi nyama imekaa wapi. Una miguu ya korongo na tumbo kama umemeza papai."

"Papai langu linanitosha," Erivan akajibu, akijipigapiga. "Mfalme akikataa, mimi ni nani nikubali? Sivyo, kumpadre?"

"Ndivyo, kumpadre," akasema Aderbal, wakagonganisha glasi.

Wiki haikuisha. Aderbal alikosa usingizi akimwona baba yake mezani, basi siku moja mchana, watu wakiwa wamelala, akapita mlango wa nyuma wa kituo cha afya. Marinalva alimpima. Ncha za uzi ziliachana kwa upana wa kiganja na zaidi. Damu ikatolewa, sukari ikaonekana juu, presha juu. Daktari akamwambia bado kuna nafasi, kama ataanza sasa.

"Usimwambie mtu," Aderbal alimwomba Marinalva.

"Siri ya mgonjwa ni yake. Lakini wale wenzako wa baa wanakufuata wewe. Neno lako moja lingenifanyia kazi ya mwaka mzima."

"Nitawaambia. Baada ya kanivali."

Akaanza kutembea alfajiri nyuma ya kiwanda cha sukari, mahali pasipo na mtu. Akaacha nyama ya mafuta na mkate wake mwenyewe. Baa hakuacha kwenda, maana mfalme asiyeonekana baa huulizwa maswali. Alipatana na mwenye baa amjazie maji glasi ndogo ya kachasa, ile pombe kali ya miwa. Aliyanywa kwa mkupuo, akakunja uso, akapangusa midomo, akagonga meza.

"Mwanamume ni nani hapa?"

"Ni mimi," Erivan alijibu kila mara, naye akanywa yake. Yake ilikuwa kachasa kweli. Walikwenda hivyo glasi kwa glasi, Septemba nzima na Oktoba, na Aderbal alikuwa akimtazama. Alikuwa akiona papai linavyokua. Kuna siku alifungua kinywa amwambie, mtu akapiga utani, akakifunga. Mwenyewe alikwisha kupungua kiasi kwamba alikunja mataulo chini ya aproni ya tanurini.

Novemba Erivan alianguka karakanani kwake. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, na maneno yakawa yanatoka kama mtu anayetafuna kitambaa. Aderbal alikwenda kumwona mara moja tu, akasimama mlangoni dakika chache, akasema tanuri linamngoja. Tangu hapo alikuwa akizungukia mtaa mwingine ili asipite pale.

Sasa, Jumamosi hii, maandamano yalikuwa yameshika njia, matarumbeta yakilia, miavuli midogo ya rangi ikirukaruka. Watu walimgusa juu juu, mbio mbio, na Aderbal alijua kurudi nyuma nusu hatua kabla kidole hakijazama. Walipofika kona ya karakana, Zuleide, mke wa Erivan, alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Bendi ikasimama.

"Mume wangu hawezi kutoka," alisema. "Tangu juzi anasema jambo moja tu. Anataka kugusa tumbo la mfalme. Utaingia au nimwambie una haraka tena?"

Umati ukapiga makofi. "Ingia, mfalme! Mpe bahati!"

Aderbal akaingia.

Erivan alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amenyolewa vizuri, kofia ya kanivali kichwani. Nusu ya uso wake ilitabasamu.

"Kum-padre. Umekuja."

"Nimekuja, ndugu yangu."

"Sogea. Karibu."

Mkono wa kushoto ukanyooka. Aderbal alijaribu ile nusu hatua ya kurudi nyuma, lakini Zuleide alikuwa nyuma yake na mlango umefungwa. Mkono ukatua. Seremala hupapasa mbao maisha yake yote. Vidole vile vilikaa kidogo, vikabonyeza, vikabonyeza tena pembeni. Tabasamu likaondoka.

"Pamba," Erivan akasema.

Aderbal akatazama viatu vyake.

"Tangu lini?"

"Nilipimwa Agosti." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Wiki ile ile ya mbwa. Niliona haya kusema."

Nje mtoto alikuwa akipuliza filimbi. Erivan akauliza, polepole, kila neno peke yake, "Na zile glasi?"

"Maji."

"Zote?"

"Zote, Erivan."

Zuleide alitoa sauti kama mtu aliyeungua. Erivan hakumtukana. Aderbal angependa atukanwe, hata kupigwa. Yule alimtazama tu kwa macho yote mawili, hata lile la upande uliokufa, kisha akaonyesha kwa kidevu mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Huu unauma. Ukikosa pa kulala. Niachie huo mto."

"Nitakuletea mwingine, kumpadre, mzuri, wa manyoya. Jioni hii hii. Maandamano yakiisha tu..."

"Huo."

Zuleide alikuwa amekwisha kuchukua mkasi. Akapenyeza mkono chini ya joho, akakata kamba bila kujali kama anagusa ngozi. Mto ukateleza ukaanguka sakafuni, bado una joto la mwili. Aliuokota, akaukung'uta, akauweka chini ya mkono wa mumewe. Erivan akafumba macho.

"Nenda," akasema. "Wanakungoja."

Joho lilikuwa limeshonwa kwa tumbo. Bila tumbo, sehemu ya mbele iliburuta chini, na Aderbal alilikanyaga pale mlangoni, akapepesuka mbele ya mji mzima. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo.

"Mfalme!" aliita Nivaldino mchinjaji. "Tumbo umelisahau ndani?"

Angeweza kusema ndiyo. Utani ulikuwa tayari mdomoni, mzuri pia. Akaumeza.

"Sina tumbo tangu Oktoba," alisema. "Nilikwenda kupimwa uzi kwa siri, nikajitibu. Baa nilikuwa nakunywa maji. Nyinyi niliwachekesha."

"Lini ulipimwa?" Nivaldino akauliza. Hakuwa akicheka tena.

"Agosti."

Wakamtazama yeye, kisha dirisha la Erivan. Si lazima mtu awe msomi kujua kuwa Agosti hutangulia Novemba. Mpiga tarumbeta alishusha chombo chake. Marinalva alikuwa pale pia, amevaa mbawa za kipepeo, akitazama chini. Hakuna aliyenyoosha mkono kumgusa.

Aderbal alingoja ngoma ianze. Haikuanza. Akakusanya pindo la joho mkononi asije akaanguka tena, akaanza kuteremka mtaa. Nyuma yake akasikia miguu, mmoja mmoja, ikimfuata kwa mbali, na hakuna aliyepiga chochote.