Ua la Mgomba na Tasbihi ya Bi Rahima

Mwanawetu, mke wa muuza vitambaa, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kutazama kitu kinachokwenda polepole bila kutamani kukiona kikikimbia. Aliyemwambukiza alikuwa Bwana Jamnadas, jirani yao pale Mengo, mjini Kampala, mwenye studio ya picha. Ilipotoka amri ya Wahindi kuondoka Uganda, mzee yule alikuja na blanketi mkononi, na ndani ya blanketi mlikuwa na kamera ndogo ya sinema na projekta yake. Alisema heri zibaki kwa jirani kuliko kwa mtu asiyemjua. Kabla hajaaga akamfundisha ujanja mmoja: usiiache kamera ikimbie. Piga picha moja, ngoja, piga nyingine, ngoja tena. Siku ya kuionyesha, mchana mzima utapita ukutani kabla chai yako haijapoa.

Basi, ndiyo ikawa kazi. Kwanza alijaribu unga wa mandazi ukiumuka. Filamu ilipooshwa, unga ulionekana kidogo tu. Kilichoonekana sana ni kivuli chake mwenyewe kikipitapita juu ya bakuli kama mwizi. Mara ya pili akajaribu mawingu. Kuku akagonga kigoda, na tangu hapo hadi mwisho ni mguu wa meza. Mumewe, Mansur, ambaye alikuwa na duka la vitambaa na moyo mpole, alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini hakumkataza, na hilo mkewe hakulisahau.

Ikabaki filamu moja. Siku zile filamu zilikuwa zimeadimika kuliko sukari, na sukari yenyewe mnajua ilikuwaje. Mwanawetu akaapa kwamba hii haitaharibika. Uani mgomba wao ulikuwa umetoa ua, jekundu linaloelekea zambarau, limefumbata kama ngumi ya mtoto. Alitaka kuliona likifunguka ganda kwa ganda na vichane vya ndizi vikichungulia.

Tatizo lilikuwa ni nani wa kukaa nalo. Yeye alishinda kwenye cherehani. Ndipo alipomtazama mama mkwe wake, Bi Rahima, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka na kutwa alikaa mkekani barazani, tasbihi mkononi. Mwanawetu akamwomba: kila ukimaliza mzunguko, Mama, bonyeza hiki kiwaya, kamera itapiga picha moja. Bi Rahima alifikiri kutwa nzima kama inafaa kuchanganya dhikiri na mitambo. Jioni akakubali. Alisema kulitazama ua la Mwenyezi Mungu likifunguka nako ni kumtaja, na tena saa ya ukutani ilikwisha kufa zamani ila tasbihi yake haijawahi kusimama.

Kamera wakaifunika kwa kikapu kikuukuu cha ukindu dhidi ya mvua na yule kuku mlaaniwa, wakatoboa tundu mbele kwa ajili ya kioo chake. Kazi ikaenda vizuri ajabu. Bi Rahima anazungusha, ta, anabonyeza, anazungusha tena. Akisinzia, jua linaruka, akizinduka, anaendelea.

Sasa lipo kosa, na lilikuwa la kijinga, acha niliseme bila kupindapinda. Mwanawetu alilitazama ua tu. Hakutazama nyuma ya ua. Na nyuma ya ua, juu ya uzio wa michongoma, ilionekana barabara, na ng'ambo ya barabara pembe ya ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka, ambamo wakati ule walikaa wanajeshi. Mtu mwenye akili timamu angeelekeza kamera huko? Lakini aliyependa haoni kando.

Asubuhi moja wanajeshi wakaja mtaani wakitafuta magendo. Waliingia nyumba hadi nyumba. Pamoja nao alikuwa Inspekta Okullo wa kituo cha polisi cha jirani, mtu wa kaskazini, mrefu, mkimya, ambaye watu walimsalimia kwa heshima na kumwogopa kwa uangalifu. Kwa Mansur walipekua chini ya vitanda, wakamwaga vitambaa sakafuni. Mwanawetu alisimama jikoni. Barazani Bi Rahima hakuinuka. Midomo ilikuwa ikimcheza, na mkono mmoja ulikuwa chini ya kanga. Wanajeshi wakamruka, kwani nani atamsumbua ajuza anayeomba? Okullo peke yake alisimama mlangoni, akakitazama kikapu, akasikiliza. Kisha akawafuata wenzake nje.

Kesho yake alirudi peke yake, kofia mkononi. Akasema kwamba kuna mtu amekwisha kupeleka maneno kituoni kuhusu kikapu chenye jicho, na mkubwa wake anataka jibu. Mwanawetu akasema kwa haraka kwamba ni ua tu, na kama ni vibaya ataitia moto filamu sasa hivi.

"Usichome, mama," Okullo akasema. "Ukichoma, watasema ilikuwa na kitu. Mimi nataka kuona picha na macho yangu. Mzee Mansur asitoke Mengo. Kama picha iko na ukuta ndani, nitapeleka yeye. Nisipopeleka yeye, watapeleka mimi."

Kampala nzima hapakuwa tena na mtu wa kuosha filamu ile. Ikabidi apewe Bisimwa, dereva wa lori Mkongo, aipeleke Nairobi. Enyi watu, kusubiri kule! Mansur alifungua duka na kulifunga, akala, akaswali, na hakumlaumu mkewe hata siku moja. Hilo ndilo lililomuua Mwanawetu. Angemfokea, angepumua. Usiku alimsikiliza akipumua pembeni yake, akajiambia kwamba amemuuza mumewe kwa ajili ya ua la mgomba. Barazani Bi Rahima aliendelea na tasbihi yake, ingawa hapakuwa tena na kiwaya cha kubonyeza.

Bisimwa akarudi na kijisanduku. Okullo akaitwa baada ya adhuhuri, wakafunga madirisha, wakatundika shuka. Mansur alikaa karibu na mlango, amevaa kanzu safi, kama mtu aliyejiandaa kwa safari. Mwanawetu alimwona hivyo, akawasha projekta.

Ua likatokea. Lo, lilikuwa zuri! Lilijinyanyua, likajitikisa, ganda moja likainuka kama mtu anayevua kofia, na chini yake vidole vya ndizi vikajitokeza. Mawingu yalipita mbio. Mjusi alitokea na kutoweka. Okullo akasogea mbele kitini mwake, mdomo wazi kidogo, na kwa kitambo kifupi hakuwa polisi wa mtu yeyote.

Ghafla kila kitu kikapungua mwendo. Ua likatulia. Mawingu, yaliyokuwa yakikimbia, yakaanza kutambaa. Na nyuma ya ua, wazi kabisa, lori la jeshi lilisimama chini ya ukuta. Wanajeshi walikuwa wakipakia magunia ya sukari kutoka duka la Rukiah, mjane mmoja jirani yao. Penye mlango wa lori alisimama Okullo mwenyewe, ameushikilia, ameinamisha kichwa. Kisha lori likaondoka, mawingu yakashika tena mbio zao, na ua likafunguka lote.

Filamu ikaisha. Shuka likabaki jeupe. Mansur aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha kanzu.

Okullo hakumtazama. Alimgeukia Bi Rahima kama anayemgeukia bibi yake. "Jaja, mbona pale katikati inakwenda polepole?"

"Hapo ndipo mlipoingia mtaani, mwanangu," Bi Rahima akasema. "Niliogopa. Niliomba haraka haraka, na kila nikimaliza nikabonyeza, picha zikasongamana. Nikawaombea wanangu, na wewe nikakuombea, maana niliona uso wako."

Okullo alikaa, mikono mikubwa magotini. Mwanawetu alijua kwamba uhai wa mumewe umo katika mikono ile. Mwishowe Okullo akaomba makasi ya kushonea.

Alitaka aonyeshwe ile sehemu inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwanawetu akaipitisha filamu mbele ya mwanga wa dirisha, wakaitafuta pamoja, vichwa vikikaribia kugusana. Okullo akakata mwenyewe, huku na huku, akakitia kile kipande katika makaa ya sigiri ya chai. Kikajikunja, kikatoa moshi mchungu uliowafanya wote wakohoe. Ncha mbili zilizobaki Mwanawetu akaziunga kwa gundi aliyoachiwa na Bwana Jamnadas.

"Weka tena," Okullo akasema. "Nikaseme kituo kitu nimeona."

Wakatazama tena. Ua lilijinyanyua, mjusi akapita, ganda likaanza kuinuka, na pale penye kiungo likaruka: kufumba na kufumbua, liko wazi. Pembe ya ukuta ilikuwa bado ipo, kijivu, nyuma ya majani, kwa anayeitafuta. Okullo aliinuka, akavaa kofia yake, akasema ameona ua, na mjusi mmoja. Mlangoni akampa Mansur mkono, akamwambia anaweza kusafiri popote anapotaka. Mwanawetu akalia hapohapo, kwa sauti, bila kuona haya.

Filamu ile waliionyesha miaka mingi, arusi kwa maulidi. Na daima alitokea mgeni wa kuuliza mbona ua linaruka pale katikati, kamera ilikuwa mbovu? Mwanawetu alimwachia mama mkwe wake ajibu.

"Hapana," Bi Rahima alikuwa akijibu, huku akiendelea kuhesabu punje zake. "Hapo dua ilikuwa inapokelewa."