Alama ya Mkaa Mlangoni

Marietha, mlezi wa kituo cha watoto, alikuwa na njia yake ya kuwapanga, na aliionea fahari. Vyeti vya kuzaliwa hapa kijijini vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo alichora alama ya mkaa mlangoni. Mtoto aliyeifikia kwa kimo alikwenda mkeka wa wakubwa, kujifunza nyimbo na kuhesabu vijiti. Asiyeifikia alibaki na wadogo na mikojo yao.

Raheli hakuwahi kuifikia. Mwaka wa pili huu alikaa na wadogo, kimya, macho chini.

Siku Bibi Maendeleo, afisa wa maendeleo ya jamii, alipopanda kutoka Lushoto mjini na fomu zake za kupima makuzi ya watoto, Efrazia, mama yake Raheli, alifika mapema, amevaa gauni la kanisani. Kwamba mwili wa mwanawe umedumaa, hilo alilijua. Mizani ya kliniki ilishasema. Alichoogopa ni fomu kuandika kwamba na akili imedumaa, maana hapo shule angeisikia tu.

Bibi Maendeleo aliuliza kama mtoto anacheza na wenzake. Marietha akajibu, bila hata kupepesa macho, kwamba hachezi. Anazungumza nao? Hazungumzi. Kalamu ikaandika, Efrazia akainamisha kichwa.

"Ana umri gani?"

"Walibatizwa siku moja na Timotheo," Efrazia akasema polepole. "Wamepishana wiki."

Wote watatu wakageuka kumtazama Timotheo, pandikizi la mtoto wa miaka mitano, akiongoza wimbo kwenye mkeka wa wakubwa.

Uso wa Marietha ukamwaka moto. Wenzake gani aliotaka Raheli acheze nao, hawa wanaonyonya? Ndipo akamtazama kweli, kwa mara ya kwanza. Raheli alikuwa akimpangusa huyu kamasi, akimmegea yule kiazi, akimbembeleza Silvano wa mwaka mmoja kwa Kishambaa cha chini chini. Macho yake yalikuwa chini kwa sababu huko ndiko walikokuwa watoto wake.

"Naomba uyafute hayo, Bibi," Marietha akasema. "Kosa ni langu, si la mtoto."

Akachukua kitambaa kibichi, akaisugua alama mpaka ikatoka, kisha akamwita Raheli aje kwa wakubwa. Raheli akainuka mara moja. Nyuma yake Silvano akaangua kilio.

Raheli akasimama katikati ya mikeka miwili. Akarudi, akachuchumaa, akambeba Silvano mgongoni, miguu ya mtoto ikikaribia kuburuza chini. Akaenda kuketi kando ya Timotheo, akampakata mtoto wake, akavuta vijiti na kuanza kuhesabu.

Efrazia alilia palepale, na Bibi Maendeleo akaomba fomu nyingine.