Ili Tujue Umeme Ukirudi

Mimi sikuwapenda wale samaki, na sitajifanya leo. Kwetu Bukoba samaki ni wa kuliwa na ndizi, siyo wa kuwekwa sebuleni na kuwashiwa taa kama wageni wa heshima. Lakini mkuu wa mume wangu Jovin pale ofisi ya mkoa, Bwana Xavery, alipohamishiwa Dodoma aliogopa tangi lake la kioo litapasuka njiani, akamwachia Jovin. Likaletwa kwetu Maisaka, hapa Babati, kwa mkokoteni, samaki sita wekundu wakiwa kwenye ndoo. Tangu siku hiyo sebule haikuwa yangu tena.

Binti yetu Evelyne, mtoto wetu wa pekee, aliwapa majina ya shangazi zake watano. Yule wa sita, mnene mwenye kupenda kula, akamwita Mama. Walicheka yeye na baba yake mpaka wakashika mbavu. Mimi nikawauliza kama shangazi zake wanajua wameletewa hita na pampu ya hewa wakati mimi napikia mkaa.

Fundi aliyeunganisha umeme wa lile tangi alikuwa Pantaleo, Mwiraqw wa Mbulu aliyehamia Bonga, mtu wa maneno machache. Alimfundisha Jovin kwamba waya ulegee chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lianguke sakafuni lisiingie ukutani. Akamwambia ekstensheni isikae chini ya tangi. Halafu akamshika bega.

"Kabla mkono haujaingia majini, zima ukutani," alisema. "Hata kama umeme umekatika, baba. Umeme ukikatika haujafa, umetoka tu. Na ukirudi haupigi hodi."

Jovin aliishika amri ile kama katekisimu. Akamkaririsha na Evelyne: zima ukutani, ndipo uingize mkono. Mimi walinikaririsha pia, nikawaambia mkono wangu utaingia humo siku nikiwa na kikaango tayari.

Evelyne alipokwenda kidato cha kwanza kwa masista kule Mbulu, aliandika barua. Hakuuliza habari zangu mpaka mstari wa mwisho. Mistari yote ya mwanzo ilikuwa, Baba, nimesikia huko kuna mgao, tafadhali usiache hata mmoja afe kabla sijarudi. Jovin aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Mtu mzima, karani wa masjala ya mkoa, anatembea na barua ya samaki.

Ni kweli mgao ulikuwa mkali. Mkoa wetu ulikuwa na umri wa miaka minne tu, ofisi bado zinanuka rangi, na nchi nzima mabwawa yalikuwa yamekauka. Umeme ulikatwa asubuhi, ukarudi unapotaka. Pampu ikinyamaza, samaki walipanda juu wakaachama midomo kutafuta hewa. Basi Jovin aliomba ruhusa kazini, akatembea kutoka mjini, akavua viatu, akasimama mbele ya tangi na kikombe cha bati. Alichota maji na kuyamwaga kutoka juu kama mtu anayepoza chai, ili yapate hewa. Baridi ya mwezi wa sita ikizidi, alimimina na maji ya moto kutoka chupa ya chai. Chai yangu mimi ikakosa maji.

Nilimsema. Mungu ananijua, mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. Nilimwambia laiti ningezaliwa na mapezi ningependwa. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kuchota.

Alhamisi ile, Evelyne alikuwa arudi kesho yake. Umeme ulikuwa haupo tangu jana yake. Nilikuwa na nguo za kupiga pasi, shati la Jovin na gauni la Evelyne la misa, na umeme wa mgao ukija unaweza kukaa saa moja ukaondoka. Sasa mtaani kwetu kila mtu anajua: umeme ukikatika unaacha kitu kimoja kimewashwa, taa au redio, ili ujue ukirudi. Asiyeacha ndiye anayekaa gizani wenzake wanaangalia taarifa ya habari. Ila balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua wiki nzima, na Jovin alisahau kununua nyingine kwa sababu ya samaki wake. Iliyobaki ni taa ya tangi.

Saa tisa mchana nilipita sebuleni kwenda uani. Jovin alikuwa ametoka kuchota ndoo ya maji bombani. Nikaiona swichi ya ukutani ya tangi, ile ya taa, hita na pampu kwa pamoja, imezimwa. Nikasema moyoni, huyu mwanaume bwana, anazima zima, tutajuaje umeme ukirudi? Nikaiwasha. Nikaenda uani kuanua nguo.

Hilo tu. Kidole kimoja.

Nilimsikia Jovin akirudi na ndoo. Nilisikia maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa. Kisha mtaa mzima ukapiga kelele, umerudiii, watoto kutoka kila nyumba, kama Taifa Stars wamefunga goli. Hata mimi nilipiga kigelegele. Nikakimbilia chumbani nikachomeka pasi, nikamwita Jovin aniletee shati lake. Hakuitika. Nikasema ananinunia. Nikaanza na gauni, nikamaliza mkono mmoja, nikaita tena kwa hasira.

Nilipotoka nilimkuta chini mbele ya tangi, miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa, kikombe kimebaki mkononi. Taa ya tangi ilikuwa inawaka vizuri. Nilikumbuka walichonikaririsha, nikaruka ukutani nikazima kwanza, ndipo nikamshika. Na kidole kikiwa bado kwenye swichi nikakumbuka nani aliyeiwasha.

Jirani yetu Mikidadi alituwahisha hospitali kwa gari lake la mzigo. Daktari hakukaa naye muda mrefu.

Jioni nyumba ilijaa. Pantaleo alikuja kutoka Bonga na tochi yake, akaitoa hita akaonyesha kioo chake kimepata ufa mwembamba kama unywele, labda kwa yale maji ya moto. Umeme ulipitia pale ukaingia majini, ukapanda kikombe. Mtu mmoja akauliza mbona samaki wamepona. Pantaleo akasema samaki hawakukanyaga sakafu. Halafu akanigeukia taratibu.

"Mama Evelyne, huyu bwana alikuwa hasahau kuzima. Leo ilikuwaje?"

"Sijui," nilisema. "Nilikuwa uani."

Akainamisha kichwa. Watu wakasema alijisahau masikini, uchovu wa mgao, binadamu si chuma. Kufika usiku ikawa habari kamili: Jovin alijisahau. Mtu aliyekuwa mwangalifu kuliko wote Babati nzima, nilimwacha azikwe na jina la mzembe.

Evelyne alifika Ijumaa, sista amemshika mkono. Alikuwa ameshaambiwa. Alinisalimu shikamoo, akapita katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akawahesabu kwa kidole. Wote sita, wazima, wameachama midomo.

Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Mama, ni mimi niliyemuua baba," alisema. "Niliandika asiache hata mmoja afe."

Akina mama wakanitazama. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, maneno matatu, niliwasha mimi swichi, na lingemtoa mtoto wangu kwenye shimo lile palepale. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu usio na breki.

"Nyamaza mwanangu," nilisema. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Wakaitikia, amina. Nikamsingizia Mungu mbele ya watu, na watu wakaitikia.

Samaki walikufa kabla ya arobaini, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyewachotea. Evelyne hakulia kwa ajili yao. Tangu hapo hajawahi kuniomba kitu chochote, wala daftari, wala nauli, wala mimi mwenyewe nimtembelee. Ni mwalimu sasa, yuko Kondoa, hajaolewa, na anasema hataki mtu afanye jambo lolote kwa ajili yake.

Kila akisikia Babati umeme umekatika ananipigia simu. Juzi alipiga tena.

"Mama, umezima ukutani?"

"Nimezima mwanangu."

"Baba alijisahau mara moja tu," akasema. "Kwa sababu yangu."

Nikamwambia avae sweta, Kondoa kuna upepo. Tukaagana. Nikabaki nimekaa gizani, swichi zote zimezimwa, mpaka niliposikia watoto wa mtaa wakishangilia.