Mahari ya Mchanga wa Ihumwa

Saa nane mchana, mafundi walipomaliza kung'oa mbao zilizoshikilia zege la kidaraja cha Ihumwa, nondo zilitoka. Zilichomoka moja moja upande wa kusini, zikajikung'uta vumbi, zikarudi zenyewe ghalani na kujipanga pale pale zilipotolewa. Zege likabaki peke yake, likapasuka katikati na kuketi korongoni. Wafanyakazi wakaenda kula, kwa kuwa muda wa kula ulikuwa umefika.

Ilikuwa mara ya tatu. Bwana Lentze, mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akiisukuma reli kuelekea Dodoma, alirudi kwenye kitabu chake kuchagua tarakimu upya. Kitabu kilieleza zege hustahimili kiasi gani likikandamizwa, chuma hustahimili kiasi gani kikivutwa, na viwili hivyo hushikana kwa nguvu gani. Mara ya kwanza alichagua tarakimu kubwa kwa sababu alikuwa na haraka. Mara ya pili akachagua ndogo kwa sababu alikuwa na hofu. Mara ya tatu akachagua za katikati, kama mtu anayemnunulia mwenzake kofia. Nondo hazikuona tofauti.

Ng'ambo ya korongo, mzee Matonya alikuwa akitazama kutoka mlangoni mwa tembe lake, na moyo wake ulikuwa mzito. Si kwa ajili ya daraja. Daraja lingeweza kuanguka hadi kiyama. Alikuwa akimwaza Baka, ng'ombe wake wa pekee, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, aliyeswagwa na askari hadi bomani kwa serikali kwa kuwa mzee alichelewa kwenye kazi ya lazima. Tangu hapo mjukuu wake alikuwa anakula uji wa maji, na kila akiumaliza alimtazama babu yake.

Abbasi alivuka korongo kumfuata. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mnyapara na mkalimani wa bwana, mtu asiyependa maneno mengi isipokuwa ya kwake.

"Shikamoo, mzee. Huu mchanga tunaochota ni wa nani?"

"Marahaba. Ni wangu. Korongo ni la ukoo wetu."

"Nilijua tu. Nondo, kijana wa watu, tumemwingiza ndani kwa mchanga, binti wa watu, hakuna posa, hakuna mahari. Atakaaje?"

"Hata mimi ningeona haya," alisema Matonya. "Ningeondoka mchana, watu wanione."

Abbasi akampelekea bwana habari hizo. Bwana Lentze alisikiliza hadi mwisho. Tarakimu zote alikwisha kuzijaribu, kwa hiyo aliuliza jambo moja tu: je, upande wa kijana huketi kwenye kigoda au chini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana yule aliinama mlangoni mwa Matonya hadi magoti yakalia. Akapewa kata ya pombe. Abbasi akawa mshenga.

"Huyo kijana wenu tabia yake ikoje?" Matonya aliuliza.

"Ukimvuta, anavumilia siku nzima," alisema bwana kupitia kwa Abbasi. "Lakini ni mwembamba. Ukimkandamiza, anajikunja."

"Binti yangu mkandamize utakavyo, atakubebea. Ila usimvute. Hajazoea kuvutwa, atapasuka."

"Kijana ana ugonjwa wa kutu."

"Atamfunika." Kisha uungwana ukamshinda Matonya. "Na mimi nisifiche. Binti ana udongo udongo. Mumwoshe kwanza."

Bwana Lentze akapunguza tarakimu ya zege, akaongeza unene wa bamba la daraja, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ugogo akaonekana kuridhika. Kisha akauliza mahari.

Wazee waliokuwepo walitarajia kundi zima, na mmoja alikuwa ameshaanza kukohoa. Matonya hakutaka kundi. Alimtaka Baka.

Bwana akaandika hati, boma likamtoa Baka, naye akarudi amekonda lakini ni yeye mwenyewe. Mjukuu akanywa maziwa hadi akalala na kibuyu mkononi. Mchanga ukaoshwa, zege jipya likamwagwa, wanawake wakapiga vigelegele. Siku mbao zilipong'olewa, nondo hazikutoka. Bamba lilishusha pumzi kidogo, kama mtu aliyeketi baada ya kutua mzigo, likatulia.

Reli ilipofika Dodoma, ikaja kodi ya kibanda. Matonya hakuwa na rupia, akaja askari yule yule, akamfungua Baka kwa kamba ile ile.

Mzee alimwendea mkwewe. Bwana Lentze alimpokea vizuri, akampa kiti, akamuuliza hali ya mjukuu, akasema kodi si kazi ya idara yake.

Siku ya pili gari moshi lilipita na mabehewa ya ng'ombe wa kodi, likielekea pwani. Matonya alikuwa amesimama korongoni, chini ya bamba, mkono ameuegemeza kwenye zege. Alimwona Baka kati ya mbao za behewa, doa lake jeupe limeelekea nyumbani. Mzee aliomba kwa moyo wake wote nondo zichomoke.

Daraja likambeba Baka bila hata kulalamika. Mahari ilikuwa imelipwa, na binti hakuwa na sababu ya kuachika.